Kura ya Vern Niliyoiandika Mimi

Vern Tulloch ni jirani yangu mwaka wa thelathini na nane sasa, na katika miaka yote hiyo hajachukua kitu changu, hata limau lililoangukia upande wake wa ua. Analirusha huku. Mimi ndiye niliyemwibia. Nitasema nilivyomwibia, lakini kwanza mjue nilimwibia mtu wa namna gani, maana ningekuwa simjui ningepata pa kujifichia.

Alikuwa mtu wa reli. Si dereva, si yule wa kofia na filimbi. Yeye alikuwa katika wale wanaotembea juu ya njia na nyundo begani, wanagongea misumari na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolalia reli, jua la Januari linamchoma shingo mpaka ikawa kama ngozi ya kiatu. Reli ilipofungwa hapa kwetu Yallaburn walimpa saa ya mkononi na barua ya shukrani. Saa ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Barua anayo. Mkewe Noreen alikufa kwa kifua, watoto hawakupata, na tangu hapo Vern anapika viazi na kipande cha mbavu ya kondoo, anafua Jumatatu, na kila siku ya uchaguzi ananyoa ndevu mara mbili.

Nasema kweli, mara mbili. Huku kwetu usipokwenda kupiga kura unaletewa faini, kwa hiyo watu wengi wanakwenda wamenuna, na kaptula na ndala, wanawapanga wagombea kwa namba, moja kwa wanayemtaka zaidi, wanarudi kumwagilia nyanya. Vern alivaa shati la mazishini. Nilimcheka miaka mingi kwa shati lile.

"Unakwenda kuoa, mzee?"

"Nakwenda kuajiri mtu, bibie. Ukiajiri mtu unavaa."

Ndivyo alivyokuwa. Kura kwake ilikuwa siku ambayo yeye ndiye bosi na wale wakubwa ndio wanaoomba kazi. Mtu aliyeamrishwa maisha yake yote, siku kama hiyo haichezei.

Halafu macho yakaanza kumwacha. Yalianza katikati. Akikutazama anaona masikio yako na nywele, pale penye uso ana doa la kijivu. Jicho la kushoto lilikwisha kabisa. La kulia daktari alisema linaweza kushikiliwa kwa sindano, ndani ya jicho lenyewe, kila baada ya wiki tano, bila kuruka. Na daktari huyo yuko mji mkubwa, mwendo wa saa mbili na nusu. Vern hawezi tena kuendesha, mimi gari niliuza mume wangu alipokufa. Akawa anapanda gari la kupeleka wagonjwa hospitali, viti kumi na viwili, linaondoka mbele ya posta saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari hilo lilikuja enzi za mbunge wetu, Hadley Crewe, na sura ya Crewe ikabandikwa ubavuni, anacheka, utadhani yeye ndiye anayelisukuma.

Kusoma Vern hakuweza tena. Basi nikawa mimi. Shule nilikwenda nikipata nafasi, na nafasi zilikuwa chache, kisha nikaenda kukata pichi kwenye kiwanda cha makopo. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia samaki. Lakini nasoma. Kila asubuhi, saa nne, napita penye pengo la ua, anachemsha chai, namsomea barua zake, bili zake, halafu gazeti. Na mimi siwezi kusoma gazeti kimya kimya. Nikimkuta mjinga ndani yake namwambia.

"Soma kilichoandikwa," Vern atasema. "Matusi nitaongeza mwenyewe."

"Yako hayana chumvi."

Miaka sita tulikwenda hivyo. Sikukosa siku ila nilipovunjika mkono.

Sasa, mwaka wa mambo haya, umeme ulipanda mara mbili kabla ya Agosti. Siagi ikawa kitu cha kusimama dukani unafikiri. Nyama ya kondoo, sisi tunaoishi kondoo wanatuchungulia dirishani, ikawa ya Jumapili moja kwa mwezi. Mimi nilifunga milango ya vyumba vyote nikawa naishi jikoni, na kulala nalala na koti la marehemu. Sikumwambia mtu. Wengine nao walikuwa wanalala na makoti yao na hawakuniambia.

Ndani ya baridi hiyo, gazeti likaleta habari ya Crewe. Alikodi ndege ndogo, kwa pesa ya serikali, yeye na mkewe na shemeji na marafiki wawili, wakaenda kuangalia mbio za farasi. Kwenye karatasi aliandika amekwenda kukagua daraja. Daraja lenyewe halijajengwa mpaka leo. Watu wa televisheni walipomuuliza, akajibu kwa ile sauti yake ya kanisani: "Nilifuata taratibu zote."

Niliisoma habari hiyo mara tatu. Ya tatu Vern hakuiomba.

"Alirudisha pesa?" akauliza.

"Alirudisha akishashikwa."

"Basi alirudisha."

"Mzee, mimi nikichukua pakiti ya siagi dukani, nikishikwa mlangoni niseme narudisha, wataniita mteja?"

"Watakuita Dulcie Prowse, na watashukuru umeondoka." Akanywa chai. "Sijasema si mwizi. Nimeuliza alirudisha."

Mji mzima ulichemka. Kwa muuza nyama, posta, kwenye foleni ya dawa, neno lilikuwa moja: wote wezi, wa chama hiki na wa chama kile, wanapokezana kijiko. Watu waliokuwa hawasemi siasa walisema. Mtu akilala na baridi kwa ajili ya bili anatafuta sura ya kuitukana, na sura ya Crewe ilikuwa tayari barabarani, ubavuni mwa gari. Kuna aliyeichora pembe. Mimi sikuchora, lakini niliangalia na nikafurahi.

Uchaguzi ukapangwa Mei iliyofuata. Walisimama watu sita. Crewe, akitaka arudi. Bi Anneliese Stroud, mwenye duka la dawa, hana chama, anasema atapitia upya kila senti. Bwana mmoja anayetetea wenye bunduki. Mwanamke anayetetea mto na samaki wake. Na wawili hata mama zao hawakuwajua. Mimi nilishaamua. Sikufikiria kwamba Vern naye ana la kuamua. Nilidhani kwa kuwa tunasoma gazeti moja tuna kichwa kimoja.

Wiki moja kabla, akasema, "Mwaka huu nampa Crewe."

Nilidhani anatania. Maisha yake yote Vern hajawahi kukipa chama cha Crewe kitu.

"Unampa nini? Kiatu?"

"Namba moja."

"Mzee, umenunuliwa na gari la viti kumi na viwili."

Hakukasirika. Vern akikasirika anaongea polepole zaidi, na siku hiyo aliongea kama kawaida. "Dulcie, wote wanapanda ndege. Huyu amepanda akashikwa. Mwingine atapanda hatashikwa. Mimi napanda gari. Huyo Stroud wako anasema atapitia upya kila kitu. Kwenye kila kitu gari langu limo."

"Kwa hiyo jicho lako ndilo nchi nzima."

"Limebaki moja," akasema. "Ndiyo. Kwangu ndilo nchi nzima."

Pale ningenyamaza. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa jibu la mtu mzima. Lakini mimi nilikwenda nyumbani nimevimba. Nililiona lile koti kitandani nikasema, kwa hiyo mimi nilale hivi ili Crewe aende mbioni, na Vern ampigie makofi. Nikabeba hasira hiyo mpaka Jumamosi.

Jumamosi Vern alinyoa mara mbili, akavaa shati. Tukatembea mpaka shule ya msingi, amenishika kiwiko. Langoni wale wa vyama wanagawa vikaratasi vya kukuonyesha nani umpe namba gani, na wazazi wamewasha jiko, moshi wa soseji na vitunguu umejaa uwanja. Ndani ya ukumbi msimamizi akamuuliza Vern jina, akamuuliza kama anahitaji msaada, na nani amsaidie.

"Dulcie," Vern akasema. "Ananisomea kila kitu."

Msimamizi akaandika. Akampa Vern karatasi mbili, ya kijani ya mbunge na ile nyeupe ya seneti, ndefu kama taulo. Tukaenda wawili peke yetu kwenye kile kibanda cha kadibodi, penseli imefungwa kwa uzi. Ndizo taratibu. Mwenye shida ya macho anachagua wake, na aliyechaguliwa haangaliwi na mtu.

Ya kijani lazima utie namba kila mraba, moja mpaka sita. Vern akaniinamia sikioni. Alinukia sabuni ya kunyolea.

"Crewe moja," akanong'ona. "Wa mto, mbili. Stroud tatu. Hao wawili nne na tano, vyovyote. Wa bunduki mwisho."

Nikaandika Stroud moja. Nikaandika wa mto mbili. Hao wawili tatu na nne. Wa bunduki tano. Kwa Crewe nikaandika sita, sita nzuri, ya tumbo kubwa.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea. Crewe moja. Wa mto mbili. Stroud tatu. Nikapita wote sita, kwa mpangilio wake yeye, macho yangu yako juu ya namba zangu mimi. Nilisoma vizuri siku hiyo. Sikukwama hata mara moja.

Ile nyeupe niliijaza kama alivyotaka. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka niwe mwaminifu mahali.

Akataka kukunja mwenyewe. Akataka kutia kwenye sanduku mwenyewe. Akapapasa na kidole mpaka akaupata ule mwanya, akazisukuma, akasimama pale kidogo amenyooka. Tulipotoka uani akatoa pochi yake.

"Leo nanunua mimi. Macho yanalipwa."

Akaninunulia soseji kwenye mkate, na vitunguu vingi, kama ninavyopenda. Nikaila. Niliimaliza yote.

Crewe alianguka. Hakuanguka kwa kura moja, wala kumi. Alianguka kwa kura elfu moja mia tatu na kitu, na usiku huo watu walipiga honi barabarani. Mimi niliishika ile elfu moja mia tatu kama dawa. Kila Vern alipopita kichwani mwangu nilijiambia, ya kwake isingemwokoa. Hesabu inanitetea. Nilijiambia hivyo nikifua, nikipika, nikilala. Kitu kikiwa hakina uzito hujiambii kila siku kwamba hakina uzito.

Bi Stroud aliingia bungeni, akapitia upya. Sisemi aliahidi uongo. Gari la wagonjwa lilipitiwa pamoja na mengine, wakakuta viti vingine vinakwenda vitupu, wakalifanya liende mara moja kila miezi miwili. Barua nilimsomea mimi. Vern akaniomba nirudie pale penye miezi miwili.

Akakosa sindano moja. Ya pili Binita, yule binti wa Nepal anayemsaidia usafi na dawa, alimtafutia mtu wa kumpeleka, lakini wiki tisa zilikuwa zimepita. Siku moja nikamkuta anamimina chai pembeni ya kikombe. Anamimina tu, inakwenda mezani, inadondoka sakafuni, na yeye anasikiliza kikombe kijae.

Nilifuta. Ndipo akasema, "Si kitu, Dulcie. Mimi na wewe tulijaribu."

Mimi na wewe. Nimetukanwa na mabosi wa kiwanda, nimetukanwa na mama mkwe aliyekuwa na ulimi kama wangu. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Na bado sikusema. Nilikaa nalo wiki tatu. Bili ya umeme, mkisema mnataka kujua, haikushuka.

Wiki ya nne gazeti likaleta habari ya Bi Stroud mwenyewe. Amemwajiri mpwa wake ofisini, kwa mshahara mnono, na alipoulizwa akasema amefuata taratibu. Nilimsomea Vern habari hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikageuza ukurasa, nikaanza bei za ng'ombe.

"Subiri," Vern akasema. "Rudi nyuma."

"Kuna nini?"

"Miaka sita unanisomea. Hakuna mwizi aliyewahi kupita hapa mezani hujamtemea. Huyu amepita salama. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ni nini?"

Nililitafuta lile neno, mwizi, nikalikuta mdomoni, likakataa kutoka. Nikalikunja gazeti. Nikamwambia. Sikupamba, sikulia. Nilimwambia kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Vern hakusogea. Jiko la kuni lilikuwa linalia.

"Crewe ulimpa ngapi?" akauliza.

"Sita."

"Walikuwa sita."

"Walikuwa sita."

"Yule wa bunduki?"

"Tano."

Akacheka kidogo kwa pua, kicheko kibaya. "Hata wa bunduki ulimtanguliza."

"Alishindwa kwa kura elfu moja na mia tatu, Vern. Ya kwako isingefanya kitu."

"Na ndege ya Crewe isingefilisi serikali, sivyo? Ndege moja tu." Alikuwa anaongea polepole sasa. Polepole sana. "Kura ningekuelewa. Una hasira, una baridi, nilijua unalala na koti, nyumba yako kuta ni mbao tu kama yangu. Ningekuambia we mwanamke mshenzi, yakaisha. Lakini nilikuomba unisomee."

"Uliniomba."

"Ukanisomea."

"Nikakusomea."

"Basi nenda nyumbani, Bi Prowse."

Miaka thelathini na minane hajaniita hivyo. Nilipita penye pengo la ua na kikombe chake mkononi, nimesahau kukiweka.

Mimi ni mtu nisiyesamehe, wanaonijua watawaambia. Dada yangu aliuza cherehani ya mama bila kuniuliza, na mazishini kwake sikwenda. Crewe sijamsamehe ndege, Stroud simsamehi mpwa. Kwa hiyo sikumwomba Vern anisamehe. Ningemwomba nini, na mimi ningekuwa yeye ningepigilia mbao pale penye pengo. Nilikaa nyumbani. Saa nne asubuhi ikifika nilisikia birika lake linalia ng'ambo, nikajua anachemsha maji ya kikombe kimoja. Barua zake alisomewa na Binita, anapokuja, Jumanne na Ijumaa. Gazeti halikusomwa. Niliyaona magazeti yamerundikana barazani kwake, kila moja bado limefungwa kwa mpira wake.

Nilifanya kimoja. Nilipanda basi nikaenda ofisini kwa Bi Stroud, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia yule mpwa aandike kuhusu gari. Akauliza naandikiwa kama nani, ndugu wa mgonjwa au nani. Nikasema jirani. Akauliza kama nilimpigia kura mheshimiwa. Nikasema ndiyo, mara mbili. Akadhani natania. Akaandika, akanipa peremende. Nilikwenda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Sikumwambia Vern na sikumwambia Binita, maana si malipo yale. Gari mpaka leo ni miezi miwili.

Ilikuwa Ijumaa Vern aliponiita. Hakuja, aliita kutoka ngazi za nyuma, "Dulcie," mara moja. Nilivua aproni nikapita. Jikoni Binita alikuwa anapanga vidonge vyake kwenye kile kisanduku cha siku saba. Vikombe mezani vilikuwa vitatu.

Vern alikuwa na barua mkononi, haijafunguliwa. Akainyoosha, si kwangu hasa, upande wangu.

"Ya hospitali," akasema. "Nisomee."

Binita akanitazama, akamtazama yeye. Nikavaa miwani. Nikaifungua taratibu isichanike. Nikasoma: mheshimiwa Tulloch, sindano yako ni Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa tano kasorobo, usiendeshe mwenyewe, usile kitu kwa saa mbili kabla, njoo na mtu wa kukurudisha. Sikuongeza neno langu hata moja. Nikaikunja nikamrudishia.

Vern aliishika kidogo, akaipapasa kingo zake. Kisha akaigeuza, akaipeleka upande wa pili wa meza.

"Na wewe, Binita," akasema. "Nisomee."

"Bi Dulcie ameshasoma, baba."

"Nimesikia. Nisomee na wewe."

Nikaweka mikono mapajani. Binita akaanza kusoma, kwa ile sauti yake ndogo, kidole kinafuata mistari, na mimi nikawa nafuata midomo yake, Alhamisi, tarehe kumi na nne, nikiomba nisiwe nimekosea hata dakika.